Mwenye Chungu Huonja Kwanza

Kijitabu kilikuwa na picha kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyochorwa na mtu aliyewahi kufika Nakivale. Picha ya kwanza: mzee anapanda ngazi za ghorofa, kashika ukuta, anahema. Ngazi! Katika makazi yetu yote ya wakimbizi ngazi ninayoijua mimi ni ile ya mafundi wa kupaua mabati, na wagonjwa wangu hawaipandi. Picha ya tano: bibi ameketi kwenye kochi, madirisha wazi, anapuliza mshumaa juu ya keki ili ajifunze kutoa pumzi polepole. Mshumaa kwetu ni wa kanisa au wa maiti. Ukimwambia mzee wa Kirundi awashe mshumaa mchana kweupe, auzime, halafu auwashe tena, atakuuliza nani amekufa.

Kijitabu hicho nilipewa mjini Mbarara, kwenye ukumbi wa hoteli, mwisho wa semina ya siku tatu. Siku tatu za kuambiwa kwamba mgonjwa wa maradhi ya kudumu ya mapafu si wa kubebwa, ni wa kufundishwa ajitunze mwenyewe: aijue pumzi yake, ajue lini inaanza kuharibika, avute dawa yake kila siku bila kusukumwa, akae mbali na moshi, atembee kidogo asije akaganda kama uji. Maneno mazuri, siyakatai. Lakini waliokuwa wakiyasema ni vijana wa viatu vya kung'aa, ambao mchana walikula kuku na jioni wakatugawia vyeti, na hakuna aliyeuliza hata mara moja huko tunakorudi watu wanapikia nini. Mimi nilikuwa muuguzi Uvira, Kongo, miaka kumi na moja kabla vita havijanileta Uganda. Diploma yangu hapa ni karatasi ya kufungia karanga. Kwa hiyo waliniita mhamasishaji, wakanipa fulana inayonifika magotini, wakanirudisha makazini nikahamasishe.

Nisijifanye mtakatifu. Niliwadharau wakufunzi, na niliporudi niliwadharau wanafunzi zaidi.

Tulikutana kila Alhamisi asubuhi katika stoo ya kituo cha afya, katikati ya maboksi ya vyandarua. Walikuwa kumi na wanne, Warundi wengi na Wakongo wachache, karibu wote wakulima. Wanawake walikuwa wamekula moshi wa jikoni tangu wakiwa wasichana, na wanaume walikuwa wamekula tumbaku. Kulikuwa na kipande cha sabuni kwa kila anayehudhuria, na nilijua vizuri nani anafuata pumzi na nani anafuata sabuni. Mmoja alitoka mbali, makazi ya Oruchinga, kwa mpwa wake anakokaa, eti amesikia huku kuna darasa. Darasa gani, baba? Sema sabuni. Mwingine aliacha kuvuta sigara kila Alhamisi, mbele ya mashahidi, akaanza tena akifika kwenye mti wa kwanza nje ya geti. Nikiwauliza nilichosema wiki iliyopita, wanaangalia chini kama watoto walioiba sukari. Nikawaambia mficha maradhi kilio humfichua, wakaitikia kwa pamoja, vizuri kabisa, kama kanisani, kisha wakaenda nyumbani kuficha maradhi.

Semina ilitufundisha kuhusu dawa za aina mbili, ya kila siku na ya dharura. Tuliyoletewa ilikuwa moja, pampu ndogo ya bluu, ile ambayo Waganda wanaiita inhela, ifanye kazi zote. Unaitikisa, unatoa pumzi yote, unaibana kwa midomo, unaibonyeza huku unavuta taratibu, kisha unashikilia pumzi mpaka kumi. Asubuhi na jioni. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kujifunza kwa robo saa. Mimi nilifundisha kwa miezi sita.

Na nilifundisha hivi: nilichukua pampu, nikaitikisa, nikaisogeza mpaka kidole kimoja mbele ya midomo yangu, nikaachia hapo, nikafanya "psss" kwa meno. Kisha nikashusha mkono na kuhesabu kumi. Sikuwahi kuiweka mdomoni. Pampu ile ya mfano ilizunguka mikono kumi na minne yenye udongo, ugoro na kamasi za wajukuu, na mimi si mgonjwa. Kwa nini nijipake mate ya watu? Kisha nilimpa kila mmoja pampu yake, na mpya kila miezi miwili, naye anaonyesha kwa zamu, nami nikisikia "psss" naweka alama kwenye kadi: anaweza. Kadi zilipendeza. Msimamizi alipokuja kutoka Mbarara alizipiga picha.

Kiangazi kilipoanza, mmoja wa wanaume akafa, na baada ya wiki tatu mwanamke mmoja wa Fizi akafa naye. Nilisikitika, ndiyo, nilisikitika kama mtu anayesikitikia mahindi ya jirani aliyekataa kupalilia. Jamaa zao walirudisha kadi na pampu ya mwisho kwa uaminifu, zimefungwa kwenye kitambaa. Nikaandika kwenye kadi zote mbili kwamba marehemu hakufuata maelekezo. Pampu nikazitupa kwenye boksi ndani ya kabati bila hata kuzitazama.

Sasa nimseme mama mzee mmoja. Alikuwa Mrundi wa Rumonge, Mkatoliki wa rozari shingoni, mjane, na kwa miaka arobaini alipika pombe ya mtama. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la ziwani, kizuri kuliko cha wakufunzi wangu. Nakivale alianza tena na vyungu vitatu, katika kibanda kisicho na dirisha, na moshi wa kibanda kile ungeweza kukausha samaki. Mara mbili ambulensi ilikuwa imempeleka Mbarara akiwa hawezi kumaliza neno moja, na mara zote mbili alirudi, akapanga vyungu vyake. Mara ya pili walimwambia wazi kwamba asipojifunza kutumia pampu, safari ya tatu hatarudi. Hilo nalijua kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, nami ndiye niliyepewa kazi ya kumfundisha.

Alifika wa kwanza kila Alhamisi, ingawa alipumzika njiani mara tatu. Alikaa mbele, miguu imenyooka, akanitazama. Hakutazama mikono yangu wala kijitabu. Alinitazama mdomo, tangu nianze mpaka nimalize. Nikadhani ni kiziwi. Nikapaza sauti kwa ajili yake, wiki baada ya wiki, mpaka koo likaniuma, na yeye akaendelea kunitazama mdomo. Zamu yake ikifika alifanya kila kitu sawasawa, "psss" na kumi, nikamwekea alama.

Kilichonitoa moshi ni siku niliyomtembelea nyumbani. Nilikuwa nakagua majiko, kazi nyingine ya kijinga, maana nilitakiwa kuwaambia wapike kwa gesi. Alinikaribisha kigoda, akaenda kutafuta kadi, na alipofungua kopo la maziwa ya unga nikaona pampu tatu mle ndani, zote nilizompa tangu tuanze. Nikaichukua moja, nikaitikisa. Imejaa. Ya pili imejaa. Ya tatu haikuwa hata imeondolewa karatasi. Nikamwuliza hii nini. Akasema atatumia. Lini? Atatumia tu. Alisema hivyo huku kifua kinapanda na kushuka kama cha kuku aliyekimbizwa, akashika mlango, akainamisha macho yake chini.

Nikatoka pale na hasira, pampu zote tatu mkononi, na njiani nikapata jibu. Kwa anayeishi makazini jibu hilo halihitaji akili nyingi. Hapa kuna neno moja linalozunguka kuliko posho: ndege. Inasemekana mgonjwa sana huchukuliwa mbele kwenye ile orodha ya kupelekwa ng'ambo, kwa hiyo ukikohoa unaambiwa unakohoa kwa ajili ya ndege, ukichechemea unachechemea kwa ajili ya ndege, na aliyekufa kweli ndiye peke yake tunayemwamini. Nikasema, kumbe! Bibi anajitunza asipone.

Ningeweza kumwita pembeni. Sikumwita. Alhamisi ile nilisubiri darasa lijae, nikaziweka pampu zake tatu mezani, moja moja, nikawaeleza wenzake nilizikuta wapi. Kisha nikamgeukia.

"Mama mzee, ndege haipandwi kwa kikohozi."

Wakacheka. Yule wa sigara alicheka mpaka akakohoa, na wengine wakamcheka yeye pia. Mama mzee alikusanya kitenge chake, akachukua sabuni, kisha akairudisha mezani, akatoka. Nilimwona dirishani akisimama njiani, mkono kwenye goti, akaenda, akasimama tena. Nikasema moyoni, tazama maigizo. Nikavuta kadi yake, nikaandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko mzuri, kwamba alipewa pampu tatu hakugusa hata moja, na kwamba mgonjwa hataki kupona.

Hakurudi. Wiki sita hakurudi, na mimi sikumfuata. Nilijiambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu, kwa akili zangu za wakati ule, nilikuwa mimi.

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Watu wanachoma mashamba, vumbi la barabara halitulii. Asubuhi moja majirani wakamleta kwenye machela ya miti, amekaa wima kwa sababu akilala anakufa, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Daktari wa kituo akamwekea oksijeni na kusema Mbarara, sasa hivi. Akahitajika mtu wa kutafsiri. Wote walikuwa na kazi. Mimi nilikuwa na fulana.

Nilikaa naye nyuma ya ambulensi, nimemshika mgongo asianguke barabara inapopinda. Kupitia kitenge nilizihisi mbavu zake zikifanya kazi juu ya mkono wangu, kila pumzi inavutwa kama ndoo kutoka kisima kirefu. Nje migomba ya watu, ng'ombe wa pembe ndefu wamesimama katikati ya barabara kana kwamba wao ndio walioijenga, dereva anapiga honi. Na mimi bado nilikuwa na kifua cha kumlaumu. Ungebonyeza, mama. Kitu kidogo kama kile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi siku ile nilikuwa nimeubeba wake mkononi kabisa na bado sikuuona uzito.

Hospitali ile ya mjini sitaitaja, haikunikosea. Walimfunga kinyago cha mashine ya mvuke, mara moja, na tena, na tena, na kinyago hakina ombi, unavuta utake usitake. Siku ya pili akaweza kusema maneno matatu mfululizo. Uji wa wodi akaukataa. Niliuleta mara mbili na mara mbili aligeuza uso ukutani. Kitanda cha pili alilazwa mwenyeji, mama mmoja wa Kakiika, na binti yake alikuwa akimletea maziwa kwenye chupa ya chai. Binti yule alimimina kikombe, akapiga funda dogo, akampa mama mzee wangu bila hata kumwuliza jina. Akanywa yote. Nikasema, bila shaka, uji wa mhamasishaji mbaya, maziwa ya Wanyankole matamu. Niliona kwa macho yangu yote mawili na sikuona kitu.

Siku ya tatu asubuhi akaja daktari, kijana wa Kinyankole, mpole, amechoka, kadi mkononi. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba mgonjwa anaweza kwenda nyumbani kesho. Kuhusu pampu, akasema, atakuwa mkweli: zimebaki chache, kuna watu wanazililia, na hapa imeandikwa kwamba huyu alipewa tatu hakugusa hata moja, na kwamba hataki kupona. Kwa hiyo atampa vidonge kidogo na atamwachia Mungu. Lakini kwanza nimwulize mwenyewe kama ni kweli. Akaisoma ile sentensi kwa sauti, sentensi yangu, akanitazama nitafsiri.

Nilimgeukia mama mzee nikamwambia daktari anauliza unaendeleaje.

Yule kijana hakuwa mjinga. Sentensi yake ilikuwa ndefu na yangu fupi. Akakunja uso, akainama juu ya kitanda, akaifanya kazi yangu kwa Kiswahili alichokiokota kwa askari.

"Wewe mama. Hii kitabu nasema wewe hapana taka pona. Ni kweli?"

Mama mzee akakaa wima. Akauliza nani amesema. Daktari hakuelewa vizuri, lakini neno "nani" alilijua. Akaninyooshea kalamu.

Sijui kama umewahi kutazamwa na mtu ambaye hana pumzi ya kukutukana. Inachukua muda. Yeye huvuta pumzi, anachagua neno, analitoa, anavuta tena, na wewe umesimama tu na fulana yako.

"Wewe hukuonja," akasema.

Nikamwuliza nini.

"Miezi sita unaniletea kitu cha kuweka mdomoni. Wewe mwenyewe hukiweki. Unakishika hapa." Akaweka kidole kimoja mbele ya midomo yake. "Unafanya psss na meno. Mimi nimepika pombe miaka arobaini, mwalimu. Mwenye chungu asipoonja, mgeni hanywi. Nilikuwa nakutazama mdomo. Kila Alhamisi nasema, leo ataonja."

Akapumzika. Kisha akamaliza, kwa upole, na huo upole ndio ambao sijausamehe mpaka leo.

"Nami nikafanya vile vile ulivyofanya wewe. Na meno."

Ndiyo hivyo. "Psss" zote zile nilizoziwekea alama zilikuwa za meno. Na usifikiri nilikuwa sijui desturi hiyo. Laiti ningekuwa sijui! Si ya Warundi peke yao. Mama yangu, Uvira, hata maji ya kisima alipiga funda moja pale mlangoni kabla ya kumpa mgeni kikombe, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Nilipokuwa na miaka saba nilimpelekea shangazi maji bila kuonja, nikapigwa kofi mbele ya shangazi, na shangazi akasema nipigwe na lingine. Nilijua kabla ya kujua kusoma. Ilibidi nisome mpaka diploma ndipo nisahau. Wale vijana wa viatu vya kung'aa nilikuwa nimewacheka kwa sababu hawajui watu wangu wanapikia nini. Wao angalau walikuwa wageni.

Nikamwomba daktari pampu moja. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia ukweli wote, kwa Kiingereza changu kibovu, pamoja na habari ya ndege. Hakunikaripia. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wagonjwa wangu, akaenda akaileta.

Nilitaka kutumia ile tupu ya mfano, iliyokuwa mkobani. Mama mzee akatikisa kichwa: hapana, chungu kile kile. Basi nikaitikisa ile mpya mbele yake, nikatoa pumzi, nikaibana kwa midomo, nikabonyeza, nikavuta. Ladha yake chungu, baridi, inagonga kooni. Sikuwa nimewahi kuijua. Nilihesabu kumi. Nikarudia mara ya pili ili asiseme nimedokoa. Baada ya muda moyo ukaanza kwenda mbio na vidole vikatetemeka, jambo ambalo dawa ile hulifanya, na ambalo pia nilikuwa nimewafundisha watu kumi na wanne kwamba "si kitu, mtazoea". Nikaipangusa kwa spiriti, nikampa.

Hakuichukua. Alikuwa anatazama vidole vyangu vinavyotetemeka, kwa makini, kama mtu aliyewahi kuona sumu ikifanya kazi.

"Kesho," akasema. "Ukiamka."

Nilikasirika, nakiri. Hata pale! Nikamwambia kesho anarudi nyumbani, na bila pampu daktari ameshasema, na kiangazi hakijaisha. Akasema anajua. Akajifunika kitenge. Pumzi yake ilikuwa tayari imeanza kupiga filimbi tena, na mashine ilikuwa kwa mtu mwingine, na mimi nikakaa kwenye mkeka chini ya kitanda chake nikisikiliza ile filimbi na moyo wangu, sijui kipi kinakwenda vibaya zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile niliogopa kwamba mgonjwa wangu atakufa, na si kwa ujinga wake.

Nilipofungua macho kulikuwa kumekucha, na uso wake ulikuwa juu yangu, ameinama ukingoni mwa kitanda, midomo imekauka, ananichunguza.

"Umeamka."

"Nimeamka, mama."

"Lete."

Akaitikisa. Akatoa pumzi mpaka mabega yakashuka. Akaibana kwa midomo, akabonyeza, na safari hii meno hayakusema kitu. Alihesabu kwa punje za rozari, kumi kamili, asiibe hata moja. Akarudia. Baadaye kidogo ile filimbi ikapungua, ikawa kama ya chumba cha pili, na akaomba uji. Nikauonja kwanza. Akanywa, akasema ni mbaya.

Kabla hatujaondoka alitaka kadi yake. Hajui kusoma, lakini alijua sentensi iko wapi, kwa sababu alikuwa amekiona kidole cha daktari. Akasema nifute. Nikafuta. Akasema sasa niandike kweli. Nikamwuliza kweli ipi, nikijua. Nikaandika chini yake, kwa Kiswahili, kwamba mwalimu hakuonja. Akanifanya niisome mara mbili. Kisha akaniambia kwamba Alhamisi nitaisoma tena, pale pale.

Nikaisoma pale pale. Stoo, vyandarua, sabuni. Yeye mbele, miguu imenyooka. Nilianza na habari ya ndege, kwamba nilimsingizia, na nilitegemea wacheke, maana wao ndio waliocheka mwanzo. Hakuna aliyecheka. Ningependa wacheke. Nikasoma ile sentensi. Nikachukua pampu, si ya mfano, nikaipangusa, nikaiweka mdomoni, nikabonyeza, na ndipo nilipoona macho yote ya chumba kile yanatazama mdomo wangu. Si ya mama mzee peke yake. Wote. Labda yalikuwa hapo tangu siku ya kwanza.

Kisha yule wa Oruchinga, niliyedhani amefuata sabuni, akaingiza mkono ndani ya koti akatoa pampu yake. Nikaitikisa. Imejaa. Mwanamke wa nyuma akafungua fundo la kanga. Imejaa. Wakaja mezani mmoja mmoja, bila kunilaumu, heshima tele, kama watu wanaorudisha vyombo vya jirani baada ya sherehe. Tisa. Tisa kati ya kumi na wawili.

Kumi na wawili, kwa sababu wawili walikuwa wamekufa. Darasa lilipokwisha na kila mtu ameondoka na sabuni yake, nilifungua kabati, nikalitoa lile boksi, nikafungua vile vitambaa viwili. Nilijua kabla sijagusa, lakini nilitikisa, maana kazi yangu ni kuhakikisha. Ya yule mwanamume ilikuwa imejaa. Ya mama wa Fizi ilikuwa bado na karatasi yake.